Nadharia za asili ya ulimwengu: zinapimika kweli, au tunazipokea tu?

Mwalimu wa Kisauni

Assalaam alaikum, na salamu kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari huku Kisauni. Wiki iliyopita nilikuwa nikieleza jinsi ulimwengu unavyotanuka, nikafika kwenye Mlipuko Mkuu, yaani nadharia kwamba ulimwengu ulianza ukiwa wa moto na uliosongamana miaka bilioni 13.8 iliyopita, ndipo mwanafunzi mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida haulizi lolote, akanyosha mkono na kusema: "Mwalimu, juzi katika maabara ulitukataza kuandika matokeo ambayo hatukuyapima. Hili nalo limepimwa na nani?" Darasa likacheka. Nikajibu kwamba wanasayansi wana vifaa vikubwa, na kengele ikanisitiri.

Jibu hilo limekuwa likinikera tangu siku hiyo, kwa kuwa halikuwa jibu. Ninapowafundisha habari za springi, mwanafunzi anayenitilia shaka anaweza kuuning'iniza uzito upya hata mara kumi, na springi ikikataa kufuata kanuni, tutaiona sote. Ulimwengu ni mmoja, haurudiwi tangu mwanzo, wala hakuna wa pili wa kuulinganisha nao.

Siulizi mambo ya imani, na nawaomba tusiupeleke mjadala huko, kwani hayo yana mahali pake na wajuzi wake. Ninachouliza ni hiki: je, kuna jambo ambalo nadharia hizi zilisema mapema, kabla halijaonekana, na ambalo lau lingekuja kinyume zingelazimika kuachwa? Au kila kinachoonekana angani hufumiwa maelezo baada ya kuonekana, kama shanga zinavyotungwa kwenye uzi uliokwisha kuwapo?

Mzee wa Kilindini

Wa alaikumu salaam, Mwalimu. Mimi si mwanafalaki. Nilitengeneza redio za meli bandarini hadi nilipostaafu, na kisa ninachokuletea nakipenda kwa sababu kinagusa ufundi wangu. Redio ikivuma, fundi haanzi kuwaza mambo ya mbinguni. Hufungua kiungio cha waya wa antena, akatazama kama chumvi ya bahari imekwisha kuila shaba, na mara nyingi hukuta ule unga wa kijani umejaa humo. Huusugua, akafunga tena, na mvumo ukakoma. Usipokoma, hukagua waya, kisha transista, kisha umeme wa meli yenyewe, hadi asibakiwe na kitu cha kukisingizia.

Hivyo ndivyo walivyofanya Arno Penzias na Robert Wilson mwaka 1964 huko Holmdel, New Jersey, nchini Marekani. Walikuwa na antena yenye umbo la pembe, mdomo wake ukiwa na upana wa mita sita hivi, iliyojengwa kwa ajili ya mawasiliano ya setelaiti. Ndani yake mlikuwa na mvumo mdogo usiokwisha, sawa na joto la nyuzi 3.5 hivi za kelvini, yaani nyuzi zinazohesabiwa kuanzia pale ambapo baridi haiwezi kuzidi tena. Waliielekeza antena upande wa jiji la New York, wakaigeuza huku na huku angani, wakangoja majira yabadilike. Mvumo ukabaki vilevile. Wakakuta njiwa wamejenga kiota ndani, wakawahamisha (njiwa wakarudi, kama ilivyo desturi yao), wakasafisha kinyesi chote, na mvumo usiondoke.

Jibu lako, Mwalimu, liko hapa. Mwaka 1948, miaka kumi na sita kabla ya hapo, Ralph Alpher na Robert Herman walikuwa wamekwisha kuandika kwamba, ikiwa ulimwengu ulianza ukiwa wa moto na uliosongamana, basi mabaki ya joto lake lazima yawe yameenea angani hadi leo, yakiwa yamepoa kufikia kama nyuzi 5. Penzias na Wilson hawakuijua kazi hiyo. Wao walikuwa wakitafuta kasoro ya mtambo. Mwaka huohuo wa 1948, Fred Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold walitoa nadharia ya upande wa pili, kwamba ulimwengu haukuwa na mwanzo na kwa ujumla umekuwa daima hivi ulivyo, maada mpya ikizuka polepole kuijaza nafasi inayotanuka. Ilikuwa nadharia yenye heshima zake, lakini haikuwa na mahali pa kuuweka mvumo huo, na tangu hapo wafuasi wake walipungua hadi wakawa wa kuhesabika.

Kipimo kikali zaidi kilikuja baadaye. Joto la namna hiyo haliwezi kugawanyika katika urefu mbalimbali wa mawimbi jinsi lipendavyo. Kuna mchoro mmoja tu linaopaswa kuufuata. Setelaiti ya COBE ilirushwa Novemba 1989, na mchoro wake ulipoonyeshwa mbele ya wanafalaki wa Marekani Januari 1990, vipimo vilikuwa vimelala juu ya mstari wa nadharia bila kukengeuka, na ukumbi ukapiga makofi. Leo joto hilo linajulikana kuwa nyuzi 2.725.

Na tusijione wageni katika habari hii. Tarehe 12 Desemba 1970, setelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei ya angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru wa Kenya. Miongoni mwa yale iliyoyaonyesha ni kwamba makundi makubwa ya galaksi yamejaa gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi. Ule mnururisho wa kale, yaani hayo mabaki ya joto la mwanzo, unapoipenya gesi hiyo huachiwa alama, mfano wa kivuli chepesi, na darubini za leo huiona alama hiyo katika kundi baada ya kundi. Kwa hiyo mnururisho unatoka nyuma ya makundi hayo, mbali kabisa, wala si mvumo wa hapa jirani.

Binti Mvita

Shikamoo, Mzee, na asante kwa habari ya njiwa. Ninasomea uzamili wa fizikia, na ningependa kuligawa swali la Mwalimu, maana tunaposema "asili ya ulimwengu" tunafunga furushi moja lenye vitu viwili ambavyo havikupimwa kwa kiasi kimoja.

Cha kwanza ni historia ya ulimwengu tangu ulipokuwa na umri wa kama sekunde moja. Hapa nadharia imesimama kwenye fizikia ileile ya maabara, na hesabu yake, Mwalimu, unaweza kuiandika ubaoni. Ulimwengu ulipopoa kiasi cha viini vya atomu kuweza kushikamana, palikuwa na takriban nyutroni moja kwa kila protoni saba. Chukua chembe kumi na sita: nyutroni mbili, protoni kumi na nne. Kiini kimoja cha heliamu huchukua nyutroni zote mbili na protoni mbili, na protoni kumi na mbili hubaki kuwa haidrojeni. Chembe nne katika kumi na sita ni robo. Basi gesi ya kale kabisa, isiyochafuliwa na majivu ya nyota, inapaswa kuwa na heliamu karibu robo ya uzito wake, na hivyo ndivyo inavyoonekana katika galaksi zile ambazo nyota hazijatia mkono sana. Lau gesi kama hiyo ingepatikana mahali ikiwa na heliamu sehemu moja ya kumi tu, hadithi yote ingeporomoka, kwa sababu nyota huongeza heliamu, haziipunguzi.

Kuna jambo jingine hapo ambalo mimi hulipenda kuliko yote. Kiasi hicho cha heliamu hutegemea ziko aina ngapi za nyutrino, chembe nyepesi mno zisizo na chaji, kwa kuwa aina zikizidi, ulimwengu hutanuka kwa kasi zaidi na nyutroni nyingi hubaki. Katika miaka ya 1980 wanafalaki walisema kwamba aina hizo haziwezi kupita nne. Mwaka 1989 mtambo wa CERN, kituo cha utafiti wa chembe karibu na Geneva, chini ya ardhi, bila darubini yoyote, ukapima na kupata aina tatu. Kwa hiyo madai juu ya dakika chache za mwanzo yalikwenda kupimwa katika handaki la Uswisi na Ufaransa.

Cha pili ni kilichotangulia hapo, na huku ndiko mwanafunzi wako ana haki ya kukunja uso. Nadharia inayotajwa zaidi ni ya mfumuko, ambayo Alan Guth aliitoa mwaka 1981 (haina uhusiano na bei ya unga), isemayo kwamba katika sehemu ndogo isiyosemeka ya sekunde, ulimwengu ulitanuka maradufu mara nyingi mfululizo. Nayo ilijiwekea madau. Mwaka huohuo Viatcheslav Mukhanov na Gennady Chibisov walikokotoa kwamba mitetemo midogo ya wakati huo ingeacha mabaka ya joto na baridi yaliyo karibu sawa nguvu katika kila ukubwa, lakini yasiwe sawa kabisa. Setelaiti ya Planck, iliyochora ramani ya mnururisho wa kale zaidi ya miaka thelathini baadaye, ilipima namba inayohusika ikapata 0.965, ambapo usawa kamili ungekuwa 1. Kipimo hicho si cha kupuuzwa.

Dau kubwa zaidi ni mawimbi ya mvutano. Mfumuko ungeutikisa ulimwengu, na mtikisiko huo ungeacha msokoto maalumu katika ulekeo wa mtetemo wa ule mnururisho wa kale. Aliyewahi kuvaa miwani ya wavuvi inayokata mng'aro wa maji anajua ulekeo wa mtetemo ni nini, hata kama hajui jina lake: geuza kichwa, na bahari inang'aa tena. Tarehe 17 Machi 2014, watafiti wa darubini ya BICEP2 iliyoko Ncha ya Kusini walitangaza kwamba wameuona msokoto huo, kwa nguvu ya kiasi cha 0.2 katika kipimo chao, na habari ikaenea duniani kote. Haukupita mwaka. Mwanzoni mwa 2015 walikaa pamoja na watafiti wa Planck, wakalinganisha ramani, na ikadhihirika kwamba sehemu kubwa ya walichokiona ilikuwa vumbi la galaksi yetu wenyewe. Hadi mwaka 2021 watafiti walewale, kwa vifaa bora, walionyesha kwamba nguvu hiyo, ikiwapo, haifiki 0.036. Maumbo kadhaa ya mfumuko, yakiwemo yaliyokuwa mepesi kabisa na yenye kupendwa, yalikufa kwa kipimo hicho.

Lakini tazameni mizani ilivyolala. Paul Steinhardt, ambaye ni mmoja wa waliojenga nadharia ya mfumuko, amekuwa mkosoaji wake mkali, na pamoja na Neil Turok alitoa nadharia nyingine ya ulimwengu unaojirudia kwa mizunguko. Nadharia hiyo inasema hapatapatikana mawimbi ya namna hiyo ya kuweza kupimika. Mawimbi yakipatikana kesho, nadharia ya mizunguko itakuwa imekwisha. Yasipopatikana kamwe, mfumuko hautakuwa umekwisha, kwa sababu yako maumbo yake ambayo mawimbi yake ni madogo kiasi chochote utakacho. Kila umbo moja linapimika. Ukoo mzima ni vigumu kuunasa. Ndipo Steinhardt anapoona kwamba unafanana na mpiga ramli anayekwambia safari yako itakuwa njema isipokuwa iwe mbaya. Mimi binafsi naona amezidisha, kwani ile 0.965 haikutoka kwa mpiga ramli, ila hoja yake sijaona aliyeijibu barabara.

Kuhusu ulimwengu mwingi uliozagaa nje ya huu wetu, sina mengi. Wako waliotafuta katika ramani za mnururisho alama za duara ambazo zingebaki kama ulimwengu wetu uligongana na mwingine. Hawakupata ushahidi wa kutosha, na kutopata huko hakukanushi chochote.

Baraza la Kibokoni

Nimewasoma kwa makini na ninawaheshimu, lakini naona mnapamba. Jedwali la maji kujaa na kupwa huchapishwa kabla ya mwaka kuanza, na nahodha akikuta bamvua haikuja siku iliyoandikwa, jedwali hutupwa. Hapa kwenu mambo hayalingani na bado hamtupi kitu. Nimesoma kwamba lithiamu inayoonekana katika nyota za kale ni kama theluthi moja tu ya ile iliyotabiriwa. Nimesoma kwamba kasi ya kutanuka, ikikokotolewa kutoka mnururisho wa kale, ni 67 (kilomita kwa sekunde kwa kila megaparseki, yaani kwa kila umbali wa kama miaka-nuru milioni 3.26), na ikipimwa kwa supanova, yaani nyota zinazolipuka, na nyota za jirani ni 73, na kila upande unaapa kwa vipimo vyake. Nimesoma pia kwamba darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, imeona galaksi zenye mwangaza mkubwa ambazo zilikuwapo kabla ulimwengu haujafikisha miaka milioni 300. Nadharia ikipatia ni ushindi, ikikosa ni "swali lililo wazi". Huo mchezo nani hawezi kuucheza?

Binti Mvita

Ndugu yangu wa Kibokoni, hayo matatu uliyoyataja ni ya kweli, na la kasi ya kutanuka ndilo linaloninyima usingizi. Hata hivyo si ya uzito mmoja. Galaksi za James Webb zinatikisa ufahamu wetu wa jinsi nyota zinavyozaliwa na kung'aa, jambo ambalo lina utata wake hata katika galaksi yetu hii. Lithiamu ni kiasi kidogo mno, na nyota zenyewe zinaweza kuiunguza katika matumbo yao. Ilhali haidrojeni nzito, ambayo ni shahidi mkali zaidi kwa kuwa nyota huiharibu tu na haziizalishi, inakubaliana na hesabu vizuri sana.

Lakini nataka nikupe silaha bora kuliko hizo zako. Edwin Hubble alipopima kutanuka mwaka 1929, alipata kasi ya kama 500 katika vizio vilevile ambavyo leo tunabishania 67 na 73. Kwa kasi hiyo, ulimwengu ungekuwa na umri wa miaka bilioni 2 hivi, na miamba ya dunia ilikuwa ikionyesha umri mkubwa kuliko huo. Mtoto alimzidi mama. Kwa zaidi ya miaka ishirini hilo lilikuwa jeraha la wazi, na ndilo mojawapo ya mambo yaliyowasukuma Hoyle na wenzake kutafuta ulimwengu usio na mwanzo. Mwaka 1952 Walter Baade akaonyesha kwamba nyota za kupimia umbali zilikuwa za aina mbili zilizochanganywa pamoja, na umbali wote ukaongezeka mara mbili kwa siku moja. Baada yake wengine wakaendelea kurekebisha.

Unaweza kusema hapo pia nadharia iliokolewa. Sawa, lakini iliokolewa kwa kipimo cha nyota, ambacho kingeweza kutoka kinyume. Haikuokolewa kwa kubadilisha maneno. Jedwali lako la bamvua nalo, likikosea nusu saa, nahodha huuliza kwanza kama upepo ulivuma au mchanga umejaa mlangoni, kabla hajasema mwezi haupo.

Mzee wa Kilindini

Nusu saa ni nyingi, binti yangu. Nahodha hangeuliza, angetukana. Lakini nimekuelewa.

Mwalimu wa Kisauni

Ahsanteni sana. Nimeamua kurudi darasani na kulijibu swali kwa vipande. Kipande cha kwanza ni ile hesabu ya chembe kumi na sita, nao wataifanya wenyewe ubaoni kabla sijawaambia kilichoonekana angani, ili wawe wameweka dau lao. Kisha nitawasimulia vumbi la Ncha ya Kusini, na wala sitaficha kwamba waliokosea walikuwa watu hodari. Ndugu wa Kibokoni, zile 67 na 73 zako nitaziandika kwenye kona ya ubao na kuziacha hapo muhula mzima. Siku zitakapokutana, au mojawapo itakapoanguka, tutafuta.

La ulimwengu mwingi, nitasema kwamba sijui kipimo chake. Kuhusu mfumuko wenyewe, bado sijajua niuweke upande gani wa ubao, labda katikati.

Nina ombi moja kwa Mzee. Nimesikia kwamba zile chengachenga za televisheni isiyoshika stesheni, sehemu yake ndogo ni mnururisho huohuo wa kale. Iwapo ni kweli, stoo ya shule kuna televisheni ambayo haijawashwa tangu matangazo yalipohamia dijitali.

Mzee wa Kilindini

Ni kweli, lakini waambie sehemu yenyewe ni kama moja katika mia. Nyingine ni joto la mtambo wenyewe na umeme wa mtaani, wasije wakadhani kila nukta inatoka mwanzo wa dunia. Na hakikisha ni ile ya kisogo kirefu, yenye kitufe cha kuzungusha. Hizi bapa za siku hizi zikikosa stesheni hutoa rangi ya samawati tupu na maandishi, na hapo utakuwa huna cha kuwaonyesha. Antena ikiwa ya waya wa nje, fungua kiungio kwanza ukisugue; Kisauni chumvi ni ileile.